Hatua Ni Nyingi, Uzi Uko Wapi?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kakamega. Nimepewa kazi ya kutayarisha densi bunifu kwa ajili ya tamasha la maigizo, na mada tuliyochagua ni wakulima wa miwa. Nimewaonyesha wanafunzi video za baleti na za densi ya kisasa, tukachukua hatua nyingi nzuri na kuziunganisha. Kila hatua peke yake inapendeza, lakini densi nzima haisemi kitu. Mtunzi wa densi huanzia wapi hasa: kwenye muziki, kwenye hadithi au kwenye hatua? Na je, ni halali kuchanganya baleti na isukuti, ngoma yetu ya huku? Shida nyingine ni kwamba wanafunzi hawaji wote. Leo 21, kesho 9."

Mwalimu, swali lako limenikuta hapa Kisumu nikitoka mazoezini, na nimelisoma mara tatu. Ukilitazama juu juu ni maswali manne. Mimi naona ni moja, na nitalijibu kwa urefu kwa sababu ndilo lililonisumbua miaka mingi kabla sijaanza kufundisha wengine.

Niruhusu nianze na neno lenyewe. Koreografia ni neno lenye asili ya Kigiriki: sehemu ya kwanza ni densi ya kundi, ya pili ni kuandika. Mwaka 1700 Mfaransa Raoul-Auger Feuillet alichapisha kitabu chenye jina hilo, na ndani yake alifundisha namna ya kuandika densi kwa alama. Alichora mstari wa njia anayopita mchezaji sakafuni, kama anayetazamwa kutoka darini, na pembeni mwa mstari akaweka vijialama vya miguu. Kwa hiyo kwao jambo hili lilianza kama uandishi. Sisi tunasema kutunga. Tunatunga mashairi, na tunatunga shanga. Mwenye kutunga shanga hazifinyangi yeye. Anazikuta sokoni kama wengine wote. Kazi yake ni kuchagua, kupanga rangi, kujua ipi irudiwe na baada ya ngapi, kisha kupitisha uzi. Shanga 40 nzuri zikiwa kiganjani bado si mkufu.

Wewe na wanafunzi wako mmekusanya shanga, Mwalimu, na hakuna aibu katika hilo. Densi yangu ya kwanza niliitunga nikiwa na miaka 23, na nilitia ndani yake kila nilichokijua: mizunguko, miruko, kuanguka, kubebana. Tuliionyesha katika ukumbi mmoja hapa mjini. Baada ya makofi kuisha, nyanya mmoja aliyecheza dodo, ngoma ya wanawake wa Kiluo, tangu usichana wake aliniita, akanishika mkono, akaniambia: "Mjukuu wangu, umetuonyesha nguo zote za sandukuni, lakini hukuvaa hata moja." Nililia usiku ule. Kesho yake nilianza kufuta.

Basi nikuonyeshe mtu aliyevaa nguo moja tu. Marius Petipa alikuwa mzaliwa wa Marseille, Ufaransa, aliyehamia St. Petersburg mwaka 1847 na kuijenga baleti ya Urusi kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1877 alitunga La Bayadère. Humo shujaa, Solor, amefiwa na mpenzi wake, anavuta kasumba ili asahau, na ndotoni anaona vivuli. Jukwaani, juu ya mteremko uliojengwa nyuma, anatokea mwanamke mmoja aliyevaa nyeupe. Anasimama kwa mguu mmoja, mguu wa pili ameunyoosha nyuma yake. Hiyo ndiyo arabeski. Kisha anaegemea nyuma mikono ikiwa juu, anapiga hatua chache mbele, anarudia. Nyuma yake ametokea wa pili akifanya yaleyale. Kisha wa tatu. Mstari unateremka, unakata kona, unarudi upande wa pili kama barabara inayoshuka milima ya Nandi, mpaka wanawake 24 au 32, kulingana na ukubwa wa jukwaa, wameijaza sakafu yote.

Hatua haikubadilika hata mara moja. Arabeski hiyo inajulikana na mwanafunzi yeyote aliyesoma baleti kwa miaka michache. Lakini tazama kinachompata mtazamaji. Wanawake watano wakishapita, anajua kinachokuja. Wakifika kumi, ameacha kuhesabu. Wakifika ishirini, yeye mwenyewe amezama ndotoni pamoja na Solor. Kule kurudia ndiko kasumba. Petipa hakuhitaji kumwambia mtu kwamba Solor anaota, alimwotesha mtazamaji. Huo ndio uzi ninaouzungumzia, yaani sababu inayofanya hatua hii ije hapa, mara ngapi, kwa nani, na ikitokea upande gani.

Densi ya kisasa ilikuja ikiwa na ugomvi mkubwa na baleti, lakini katika hili haikugombana nayo. Mwaka 1930 Mmarekani Martha Graham, mchezaji na mtunzi wa densi, huko New York, alikaa kwenye benchi ndani ya mfuko mrefu wa kitambaa kinachovutika, akacheza Lamentation, maana yake maombolezo. Kilichoonekana nje ya kitambaa ni uso, viganja na nyayo tu, na hakuliacha lile benchi. Akisukuma goti, kitambaa kinachora mstari mkali. Akibana tumbo, mgongo unakunjika na nguo yote inavutika kuelekea ndani. Mbinu yake ilisimama juu ya pumzi: kubana na kuachia, kunakoanzia kwenye nyonga. Mtu aliyewahi kukaa matanga Luhyaland au Luoland hahitaji kufafanuliwa. Kilio cha mama aliyefiwa hakianzii usoni. Kinaanzia tumboni, kinapanda mgongoni, na mikono ndiyo hupata habari mwisho. Graham alichukua jambo hilo moja akaacha mengine yote mlangoni.

Sasa, huanzia wapi? Ukweli ni kwamba kila mtunzi mkubwa ameanzia kwake. Petipa alipanga makundi yake nyumbani kwa vijisanamu vidogo mezani, akivisogeza huku na huku kabla ya kukutana na wachezaji. Pina Bausch, aliyeshika kampuni ya densi ya Wuppertal, Ujerumani, mwaka 1973, baadaye alikuwa akiingia studioni bila hatua yoyote. Alikuja na maswali. Aliwauliza wachezaji wake juu ya hofu zao, utoto wao, mapenzi yao, nao wakajibu kwa maneno au kwa mwili. Kati ya majibu mengi mno alibakisha machache, na hayo machache ndiyo yakawa densi. Lakini kwa hali yako wewe, mwenye wanafunzi 21 leo na 9 kesho, mtu wa kukaa naye kitako ni mtunzi wa baleti George Balanchine.

Balanchine alizaliwa St. Petersburg mwaka 1904, na mwaka 1933 akafika Marekani. Mwaka uliofuata alifungua shule mjini New York, na ili kuwafundisha wanafunzi wake tofauti kati ya darasa na jukwaa, akaanza kutunga nao densi juu ya muziki wa nyuzi wa Tchaikovsky. Jioni ya kwanza walikuja wasichana 17. Akatunga kwa ajili ya 17. Jioni ya pili walikuja 9. Akatunga sehemu ya 9. Ya tatu walikuja 6, akatunga ya 6. Msichana mmoja alichelewa akaingia wenzake wakiwa tayari wamejipanga. Balanchine akaiacha ile kuchelewa ndani ya densi. Mwingine alianguka akaanza kulia, kuanguka kukabaki. Wavulana walipoanza kuhudhuria, nao wakapata nafasi. Densi hiyo inaitwa Serenade, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Juni 1934, na hadi leo inachezwa na kampuni kubwa za dunia. Inafunguka na wale 17 wamesimama, mkono mmoja umeinuliwa kama wanaojikinga na mwanga.

Nimetunga na vijana wa mtaani Kisumu, wengine wana kibarua soko la Kibuye, wengine wametumwa dukani, na ninakuambia kisa hicho kimeniokoa mara nyingi. Mahudhurio yako mabovu si kizuizi cha densi; ni kipimo ulichopewa, kama fundi anayepewa kitambaa cha mita mbili. Siku wakija 9, tunga kipande cha 9 na ukifunge siku hiyohiyo. Wakija 21, tunga cha 21. Usimngoje asiyekuja, na usimpe mtu mmoja jukumu ambalo likikosa mtu densi yote inaanguka. Na yule anayechelewa kila siku, kabla ya kumwadhibu, mtazame anavyoingia. Anapitia pembeni? Anainamisha kichwa? Labda ndiye mkulima anayefika shambani mwisho.

Kuhusu muziki nina jambo ambalo limenikaa moyoni. Kiswahili kina neno moja, ngoma. Ni chombo, ni mlio wake, ni mchezo wenyewe, na ni shughuli yote ya watu kukusanyika. Hatuna mahali tulipovitenganisha. Mcheza nyatiti, chombo cha nyuzi cha Waluo, hufunga njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akagonga kwayo ubao wa chombo huku vidole vya mkono vikichuna nyuzi. Utamwambia huyo muziki uanzie wapi na mwili uishie wapi? Kwa hiyo nilipokutana mara ya kwanza na kazi ya mtunzi wa densi Mmarekani Merce Cunningham nilishtuka. Yeye na mwanamuziki John Cage walikubaliana urefu wa muda tu, kisha kila mmoja akaenda kutunga peke yake, na mara nyingine wachezaji waliusikia muziki kwa mara ya kwanza usiku wa onyesho. Mpangilio wa hatua nao aliweza kuupata kwa kurusha sarafu, ili mazoea yake yasimwamulie.

Sikushauri ufanye hivyo katika tamasha. Nakushauri uibe jambo moja kutoka kwa Cunningham: fanyeni mazoezi kimya. Wiki nzima bila ngoma wala spika. Utaona mara moja hatua zipi zilikuwa zikibebwa na muziki na zipi zina miguu yao wenyewe. Muziki ukirudi, usiwaruhusu wakanyage kila mdundo. Mchezaji anayekanyaga kila mdundo ni kama msomaji wa shairi anayehesabu mizani kwa sauti. Hesabu ni sahihi, lakini shairi limetoroka. Wacha mdundo mmoja upite bila kuguswa. Wacha mwili uchelewe kidogo, kisha udakie.

Tuingie shambani sasa. Mada yenu ni nzuri mno, na nitakuambia kwa nini video zimewapotosha: mlianza kutafuta hatua kabla ya kumtazama mkulima. Kama kuna mzazi anayekata miwa, mwalike shuleni aje na panga lake, au wapeleke wanafunzi kando ya shamba. Watazame kwa dakika 20 bila kuiga. Mkono wa kushoto unashika muwa. Mgongo unainama, panga linapiga karibu kabisa na ardhi, maana sukari nyingi iko sehemu ya chini. Mgongo unanyooka, kilele kinakatwa. Muwa unatupwa kwenye rundo. Shika, piga, kata, tupa. Hiyo ndiyo shanga yenu. Kwa wiki ya kwanza msiwe na nyingine yoyote.

Kisha ichezeeni. Mmoja aifanye kwa hesabu ya 4, mwenzake aifanye ileile kwa hesabu ya 32, polepole kama mtu aliye ndani ya maji. Mmoja aifanye kwa bega peke yake. Wabukusu wana densi ya kamabeka, ambayo jina lake ni mabega, na bila shaka baadhi ya wanafunzi wako wamekua wakiiona. Mwingine awape watazamaji mgongo, kwa sababu mgongo wa mtu anayeinama husema mambo ambayo uso huficha. Wengine waifanye mmoja baada ya mwingine kama mwangwi, mstari mzima, vile vivuli vya Petipa vilivyoshuka mteremkoni. Halafu mwambie mmoja aanze mwisho arudi mwanzo: muwa unatoka kwenye rundo, unarudi mkononi, unasimama tena shambani.

Usiipuuze hiyo ya mwisho. Niliwahi kufanya hivyo na vijana wangu kwa kitendo cha kuvuta wavu, tulichokisoma ufukweni Dunga. Walipokicheza kinyume, ghafla wavu ukawa ndio unaowavuta wao kuelekea ziwani. Mada ya densi ikageuka mbele ya macho yetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amepanga hivyo. Ndipo nilipoelewa kwamba hadithi si lazima itangulie. Mara nyingi inajificha ndani ya kitendo, ikingoja ukizungushe vya kutosha.

Chukua vizibo vya soda 21, uviweke juu ya karatasi, na hivyo vitakuwa vijisanamu vyako vya Petipa. Isukuti yenyewe huchezwa wanaume katika safu yao na wanawake katika yao, naye kiongozi wa wimbo anawaita nao wanaitika. Shamba la miwa pia ni safu. Umeshaona? Safu za wachezaji zinaweza kuwa miwa, na anayekata akipita katikati, safu inaanguka nyuma yake. Kisha jiulize jambo gumu zaidi: nani ni muwa na nani ni mkulima, na je, wanabadilishana? Njia ndefu kuliko zote jukwaani ni ile ya kona hadi kona, kwa hiyo mwenye safari ndefu apite hapo. Usiwarundike wote katikati wakitazama mbele kama kwaya inayosubiri kupigwa picha. Nimeona kosa hilo katika densi nyingi za shule, na linaniuma kila mara, kwa kuwa watoto wenyewe wana vipaji.

Na kuna kungoja. Muwa hukaa shambani mwaka na nusu au zaidi kabla ya kukatwa, na huo ndio mzigo mkubwa wa mkulima wa huku: kupanda leo, kula baada ya misimu kadhaa. Densi yenu mmeijaza mwendo kutoka sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Kungoja kuko wapi? Nakuomba uwe na ujasiri wa kuwasimamisha wanafunzi wote kimya jukwaani, labda bega moja tu likitikisika kama jani. Wanafunzi wataogopa ukimya huo, nawe utaogopa. Hesabu polepole hadi 20 moyoni kabla ya kumruhusu wa kwanza kusogea. Panga likipigwa baada ya ukimya wa namna hiyo, ukumbi mzima utalisikia.

Sasa lile la kuchanganya. Baleti haina haki ya kukuambia usichanganye, kwa maana yenyewe ilizaliwa katika majumba ya watawala wa Italia na Ufaransa, ikakomalia Urusi, na ndani ya baleti maarufu ya Swan Lake utakuta ngoma za Kihispania, Kihungari na Kipolandi zimepangwa mfululizo. Swali langu ni tofauti: unachanganya kwa sababu gani? Mwaka 1832 mcheza baleti Marie Taglioni alicheza La Sylphide mjini Paris akiwa amesimama juu ya ncha za vidole, na tangu hapo dunia haikuiona baleti kwa jicho lilelile. Alipanda juu kwa sababu alikuwa akicheza pepo la kike lisilo na uzito. Hatua ilikuwa na kazi. Ukiichukua hatua hiyo ukaiacha kazi yake Paris, umebeba kibuyu bila maji.

Kwa upande mwingine, Mei 29, 1913, katika mji huohuo, mcheza baleti wa Urusi Vaslav Nijinsky alionyesha densi aliyoitunga ya kafara ya masika juu ya muziki wa Stravinsky, na wachezaji wake walikuwa wamekunja magoti, vidole vya miguu vikitazamana, wakiruka na kutua kwa kishindo. Watu walipiga kelele hata wachezaji wakashindwa kusikia muziki. Nijinsky alisimama juu ya kiti pembeni mwa jukwaa akiwapigia hesabu kwa sauti. Ilichezwa mara chache kisha ikapotea kwa zaidi ya miaka 70, hadi ilipofufuliwa kwa utafiti mwaka 1987, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameiandika kikamilifu. (Andika densi yako, Mwalimu. Hata kwa michoro ya vizibo.) Pina Bausch alipoutungia muziki huohuo mwaka 1975 aliifunika sakafu yote kwa udongo halisi, na wachezaji wakamaliza wamechafuka na kuhema. Densi hiyo ya Bausch imekuja kuchezwa na wachezaji kutoka nchi mbalimbali za Afrika, wakifanya mazoezi katika shule ya mtunzi wa densi Germaine Acogny huko Senegal. Nikiwatazama wale nilihisi udongo umefika kwa wenyewe.

Unaona basi kuna mielekeo miwili. Baleti ya Taglioni inaipanda hewa. Densi ya kina Nijinsky na Graham inaikubali ardhi, na isukuti, kwa magoti yake yaliyolegea na nyayo zake bapa, haijawahi kuikana ardhi tangu mwanzo. Na muwa je? Muwa unapanda. Mkataji anainama. Hapo ndipo mchanganyiko wenu unapopata uhalali, tena uhalali mkubwa. Wanaocheza muwa wapewe baleti: visigino vikiinuka polepole, shingo ndefu, mikono ikipanda kama inavutwa na jua. Wanaocheza mkulima wapewe uzito wa isukuti. Pale panga linapokutana na shina, namna mbili za kusimama duniani zinakutana, na mtazamaji wa Kakamega ataelewa bila kuwahi kusikia jina la Petipa. Mcheza kwao hutunzwa, lakini akumbuke pia kwao ni wapi.

Ombi moja kuhusu isukuti. UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa wengi wa wanaoijua ni wazee na warithi ni wachache. Isukuti husindikiza watoto wanaozaliwa, arusi na mazishi ya Waisukha na Waidakho. Msiiweke kama pilipili ya kukoleza baleti. Tafuteni mpigaji wa kweli, aje na ngoma zake tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na baragumu ya pembe akiwa nayo. Mwulizeni mdundo upi ni wa furaha na upi ni wa msiba kabla ya kuutia mkononi mwa mkulima wenu. Petipa aliiweka La Bayadère nchini India, nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga, na jinsi Wahindi wanavyoonyeshwa humo inalalamikiwa hadi leo, pamoja na uzuri wote wa wale vivuli. Wewe una bahati kuliko Petipa. Wenye ngoma unaweza kuwafikia kwa bodaboda.

Kwa haraka, mambo ya mwili. Ukumbi wenu bila shaka una sakafu ya saruji, nayo haisamehe. Miruko iwe michache, na kila kutua kuanzie vidoleni, kuje kwenye unyayo, kisha kisigino, magoti yakikunjika. Wakilalamika maumivu ya mbele ya mguu chini ya goti, wapumzike siku kadhaa. Na hakuna mwanafunzi atakayejaribu kusimama juu ya ncha kabisa za vidole kwa sababu ameona kwenye simu. Hilo linahitaji viatu maalumu na miaka ya kuimarisha kifundo cha mguu mbele ya mwalimu anayejua. Joel Kioko, kijana aliyekulia Kuwinda, Nairobi, akafika shule ya English National Ballet mjini London, hakufika huko kwa video. Kuinua kisigino tu kunatosha kwa muwa wenu.

Mkishakuwa na dakika tatu za kwanza, zipige video kwa simu ukiwa umesimama nyuma kabisa ya ukumbi, si karibu na jukwaa, kisha uitazame sauti ikiwa imezimwa. Nitumie. Nami nitaitazama bila sauti, na nitakuandikia ni mahali gani niliuona muwa, na ni mahali gani niliwaona tu wanafunzi wakikumbuka hatua inayofuata.